Bei ya Khiyari: Mavuno ya Nani, Hasara ya Nani?

Kila mwaka, inapofika likizo, vijana wa familia zetu hunijia na karatasi. Wengine wanakaa hapa hapa Maskati, wengine wanatoka Dubai, London au mbali zaidi. Karatasi zimetolewa kwenye sanduku la bibi, zimekunjwa mara nne, na wino umegeuka rangi ya kahawa. Maandishi ni Kiarabu cha makadhi, pembeni pana muhuri wa Kiingereza, na mara nyingine chini pana mstari mmoja wa Kigujarati. Swali lao ni moja: "Babu, hapa wazee wetu waliuza shamba au waliweka rehani?" Na nyuma yake lipo swali la pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Hii si riba?"

Maneno yanayowatatiza aghlabu ni mawili, bayʿ al-khiyar, ambayo kwa Kiswahili tulikuwa tukisema bei ya khiyari. Kwa maneno hayo mawili mashamba mengi ya karafuu ya Unguja na Pemba, na mitende mingi ya Oman, yalipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa maneno hayo hayo watu wa nyumba moja wamenuniana mpaka leo, kila upande ukisema wazee wa upande wa pili walidhulumu. Nimeona kheri nieleze mkataba huu ulikuwa nini, fikra iliyo nyuma yake ilitoka wapi, na tuzisome vipi karatasi hizi bila ya kuwasingizia wazee wetu wala kuwasafisha kupita kiasi.

Khiyari ilikuja kumlinda nani?

Khiyari maana yake ni haki ya kuchagua: kuupitisha mkataba au kuuvunja. Asili yake katika sheria ni huruma kwa mtu dhaifu sokoni. Imepokewa kwamba katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwapo mtu aliyekuwa akipunjwa kila anunuapo. Akafundishwa aseme wakati wa kununua kwamba hakuna hadaa, na katika baadhi ya riwaya akapewa siku tatu za kufikiri, akipenda akamate, asipopenda arejeshe.

Hapo ndipo wanavyuoni walipojenga mlango mzima wa fiq'hi. Abu Hanifa na Shafii walisimama kwenye siku tatu, wasizidishe. Wanafunzi wawili wakubwa wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walikubali muda mrefu zaidi alimradi unajulikana, na Mahanbali wakaelekea huko huko. Imam Malik aliutazama muda kwa kukitazama kitu chenyewe, kwani nyumba inahitaji siku nyingi za kuangaliwa kuliko nguo.

Tuliweke akilini jambo hili: khiyari ilianza kuwa ngao ya mnunuzi asidanganywe. Miaka mia kadhaa baadaye tunaikuta mikononi mwa muuzaji mwenye shida ya fedha, na muda wake si siku tatu tena bali ni miaka. Chombo ni kile kile, lakini kazi yake imegeuka.

Biashara na riba zinatenganishwa na nini?

Qurani, katika Sura ya al-Baqara, inataja hoja ya watu waliosema kwamba biashara ni kama riba tu. Jawabu waliyopewa ni fupi: Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharimisha riba. Aya haikueleza kwa urefu tofauti iko wapi. Na hoja ya watu wale haikuwa ya kipumbavu. Mtu ananunua kitu kwa kumi na kukiuza kwa kumi na mbili. Mwengine anakopesha kumi na kupokea kumi na mbili. Wote wawili wamepata mbili. Kwa nini mmoja apate thawabu na mwengine madhambi?

Wanavyuoni walitoa majibu mengi. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alisema katika Ihya kwamba fedha ni mfano wa kioo: haina rangi yake yenyewe lakini huonyesha rangi za vitu vyote, basi anayeigeuza kuwa bidhaa ya kuzaa nafsi yake ameitoa katika kazi iliyoumbiwa. Hilo ni jawabu la mwanafalsafa. Mimi nadhani jawabu la mafakihi lina mguso zaidi katika jambo letu, nalo limejengwa juu ya hadithi iliyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha. Mtu mmoja alinunua mtumwa, akamtumikisha kwa muda, kisha akamwona ana kasoro, akamrejesha. Muuzaji akadai malipo ya kazi aliyoifanya mtumwa yule katika muda ule. Hukumu ikatoka kwamba mavuno ya kitu ni ya yule aliyekuwa amebeba dhamana yake. Maana yake, lau mtumwa yule angekufa mikononi mwa mnunuzi, hasara ingekuwa ya mnunuzi. Kwa hiyo na faida ya muda ule ni yake.

Kutoka hapo zikatoka kanuni ambazo kila mwanafunzi wa fiq'hi huzihifadhi. Mavuno hufuata dhamana. Mwenye kula faida ndiye mwenye kubeba hasara. Na ikapokewa vile vile kwamba Mtume alikataza mtu kupata faida ya kitu ambacho hakubeba dhamana yake, na akakataza kuchanganya mkopo na biashara katika mkataba mmoja.

Hiyo ndiyo tofauti. Mfanyabiashara anapata mbili zake kwa sababu baina ya kununua na kuuza kitu kingeweza kuungua, kuzama au kushuka bei, na hasara ingekuwa yake. Mla riba anapata mbili zake mvua inyeshe isinyeshe. Hasara yote amemwachia mwenzake, na faida ameifunga kwa kamba. Sheria ya Kiislamu haikukataza faida, wala haikuona haya mtu kutajirika. Iliyoikataa ni faida iliyokimbia dhamana.

Mkataba ulivyokwenda

Sasa turudi kwenye karatasi. Tuchukue mfano wa shamba la mikarafuu lenye thamani ya rupia 2,000. Mwenyewe anahitaji fedha: ana harusi, au ana safari ya bara, au mavuno ya mwaka jana yalikuwa haba. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini mtu akishikwa huifuata harusi kwanza. Anamwendea mwenye fedha. Mwenye fedha, ikiwa ni Mwislamu, hawezi kuandika riba. Basi wanaandika mauzo: shamba limeuzwa kwa rupia 1,000, na muuzaji ana khiyari, akirejesha rupia zile katika miaka mitatu shamba linarudi kwake. Muda ukipita, mauzo yamekatika.

Katika muda ule ama mnunuzi anachukua mavuno yeye mwenyewe, ama muuzaji anabaki ndani ya shamba lake na analipa ijara, tuseme rupia 120 kwa mwaka. Mtu wa hesabu ataona mara moja kwamba hiyo ni asilimia 12 ya fedha iliyotolewa. Muuzaji analipa miaka mitatu, jumla rupia 360, na bado elfu moja haijapungua hata rupia moja. Akishindwa, shamba la elfu mbili limekwenda kwa elfu moja.

Kwa dhahiri hapa pana mauzo na pana ijara, na kila kimoja peke yake ni halali. Kwa batini pana mtu aliyekopa elfu moja akaweka shamba lake dhamana. Mkataba upi ndio wa kweli?

Bukhara, Hadhramaut na Oman

Tusidhani kwamba mtego huu ulibuniwa Unguja. Kiasi cha karne ya 5 ya Hijria watu wa Bukhara walikuwa wamezama katika madeni, na wakawa wanauziana nyumba na mabustani kwa sharti la kurejeshewa. Wakaiita bayʿ al-wafaʾ, bei ya kutimiza ahadi. Wanavyuoni wa Kihanafi wa upande ule waligawanyika. Wako waliosema ni mauzo, wako waliosema ni rehani iliyovaa nguo ya mauzo, na wako waliosema ni mkataba wa namna ya peke yake, unaruhusiwa kwa sababu watu wana haja nao. Hadhramaut, kwa Mashafii, mkataba unaofanana nao uliitwa bayʿ al-ʿuhda, na ulienea sana.

Mzozo wenyewe ulikuwa juu ya jambo la msingi. Imam Shafii, aliyefariki 820, alishikilia kwamba hakimu huhukumu kwa dhahiri ya mkataba, na yaliyomo nyoyoni ni baina ya mtu na Mola wake. Akihofu kwamba tukianza kupekua nia za watu, hakuna mkataba utakaosalimika. Imam Malik, na baada yake Mahanbali, waliogopa kinyume chake: tukitosheka na maneno, kila haramu itapata jina zuri. Ibn al-Qayyim, aliyefariki 1350, aliandika kwa urefu na kwa ukali juu ya hila za namna hii. Kila upande ulikuwa unalinda kitu. Shafii alilinda utulivu wa soko. Malik alilinda lengo la sheria.

Dola ya Uthmania ilipoandika Majalla, mkusanyo wa sheria za muamala uliotoka baina ya 1869 na 1876, mizozo hii yote iliingia ndani. Kifungu cha 3 kinasema kwamba katika mikataba kinachotazamwa ni makusudio na maana, si matamshi, na mfano uliotolewa ni huo huo wa bayʿ al-wafaʾ: upewe hukumu ya rehani. Lakini kifungu cha 32 kinasema kwamba haja huweza kushushwa daraja ya dharura, na mfano wake tena ni bayʿ al-wafaʾ, ulioruhusiwa kwa ajili ya madeni ya watu wa Bukhara. Kitabu kimoja kimekiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba hii kwa maana yake ni rehani, na kwamba watu walikuwa hawana njia nyingine.

Wanavyuoni wa Kiibadhi wa Oman walilishika jambo hili kwa upande wa nia. Swali lao kwa mnunuzi lilikuwa: unakusudia nini, asili au ghalla? Asili ni shamba lenyewe. Ghalla ni mavuno yake. Ikiwa unalitaka shamba kweli, na khiyari ni fursa uliyompa mwenzako, mauzo ni mauzo. Ikiwa hulitaki shamba, bali umetoa fedha upate mavuno mpaka fedha yako irudi, basi ni mkopo uliozaa, na uliozaa ni riba. Nalipenda swali hili, kwa sababu ni lile lile la dhamana kwa maneno mengine. Mwenye kulitaka shamba yuko tayari kubeba balaa lake. Mwenye kutaka mavuno tu hayuko tayari.

Unguja na mahakama mbili

Mkataba ulipofika Unguja ulikuta uchumi uliokuwa ukiishi kwa ahadi. Mkarafuu huchukua miaka kabla ya kuzaa, na ukizaa sana mwaka huu mwakani huenda usizae. Misafara ya bara ilikuwa vivyo hivyo: Hamed bin Muhammed al-Murjebi, maarufu Tippu Tip, alisafiri kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa Taria Topan, na pembe zikija baada ya miaka. Mwenye ardhi alikuwa na mali nyingi na fedha kidogo. Mfanyabiashara wa Kihindi alikuwa na fedha, lakini naye aghlabu alikuwa na deni lake kwa majumba makubwa ya Bombay. Waarabu nao, na Waswahili, walikopeshana wenyewe kwa wenyewe kwa khiyari. Deni lilikuwa mnyororo mrefu, na kila mtu alikuwa kiungo ndani yake.

Makadhi wa Kishafii na wa Kiibadhi waliziandika hati hizi na kuzisikiliza kesi zake. Lakini mmoja wa wahusika akiwa raia wa Kiingereza, na Wahindi wengi walihesabiwa hivyo, kesi iliweza kwenda kwa balozi na baadaye kwa mahakama ya Kiingereza, iliyotumia sheria za Bara Hindi. Sheria hizo, tangu 1882, zilikuwa na fungu la rehani inayofanywa kwa mauzo ya sharti. Mahakimu wa Kiingereza waliposoma bei ya khiyari, walielekea kuiona kuwa ni hiyo.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Kuiita rehani kulikuwa na manufaa kwa mdaiwa, kwani rehani ina haki ya kukomboa na haipotei kirahisi kwa kupita siku moja ya muda. Tena kulikubaliana na Malik na na kifungu cha 3 cha Majalla: maana imeshinda matamshi. Lakini Malik alipokwisha kuona kwamba mauzo yale ni mkopo, aliikata faida yake. Mahakama ya Kiingereza iliona kwamba ni mkopo, ikaihalalisha faida yake. Hukumu zilifuatana nusu ya njia, kisha zikaachana.

Matokeo yalionekana katika miaka ya 1930. Bei ya karafuu ilianguka pamoja na bei za dunia nzima. Mavuno ya shamba yakawa hayana thamani, lakini ijara na faida zilizoandikwa kwa tarakimu zilibaki pale pale. Mwaka 1933 Bartlett na Last walitoa taarifa yao juu ya madeni ya wakulima. Mwaka 1934 Serikali ilitunga amri za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isipite mikononi mwa wengine, na ikasimamisha kwa muda utwaaji wa mashamba kwa madeni. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona wamelengwa wao, na amri za biashara ya karafuu zilipofuata, 1937 uliingia mgomo wa karafuu, ulioungwa mkono na chama cha Congress huko Bara Hindi, mpaka mapatano ya 1938.

Nilipokuwa nasoma historia hii kwa Kiingereza, niliisoma kama ugomvi wa makabila: Mwarabu mvivu, Mhindi mwenye tamaa, na Mwingereza mwamuzi. Niliporudi kuisoma kwa macho ya fiq'hi niliyofundishwa na wazee, niliona kwamba swali moja halikuulizwa na yeyote kati ya waamuzi wale: bei inapoanguka, nani anabeba? Amri za 1934 ziliwapa wadaiwa muhula, na Qurani nayo inaamrisha mdaiwa aliyebanwa apewe muhula mpaka apate wasaa. Lakini muhula ni dawa ya maumivu. Ugonjwa ulikuwa kwamba hasara yote ya zao lisilotabirika iliwekwa kwenye bega moja.

Tuzisomeje karatasi zetu?

Nawashauri wenye karatasi waziulize mambo matatu kabla ya kutoa hukumu.

Kwanza, bei. Ikiwa bei iliyoandikwa inakaribia thamani ya shamba kwa wakati ule, huenda ni mauzo ya kweli. Ikiwa ni nusu au chini yake, mtu hauzi mali yake hivyo ila akitarajia kuirejesha.

Pili, nani alibaki ndani ya shamba, na alilipa nini. Akibaki muuzaji, na ijara yake ikawa tarakimu isiyobadilika inayolingana na fedha iliyotolewa wala hailingani na mavuno, basi ijara ile ni jina tu. Lakini ikiwa mnunuzi alikuwa akichukua mavuno yenyewe, mengi au machache, basi alikuwa amebeba walau sehemu ya hatari, na jambo linahitaji kutazamwa zaidi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, balaa. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu. Fikiria shamba lililokuwa chini ya khiyari asubuhi ile. Mikarafuu iliyolala chini ilikuwa ya nani? Ikiwa mnunuzi alisema "nimepoteza shamba langu", alikuwa mnunuzi, na mavuno aliyoyala kabla yake yalikuwa halali yake. Ikiwa alisema "nirejeshee elfu yangu", alikuwa mkopeshaji tangu siku ya kwanza, hata kama hati ilishuhudiwa na mashahidi kumi waadilifu. Karatasi nyingi zimenyamaza juu ya jambo hili. Tazameni basi hati za pili na za tatu, barua, na madai ya baadaye. Huko ndiko wahusika walikojitaja ni akina nani.

Mtaona kwamba katika sanduku moja pana babu aliyeuza kwa khiyari kwa Mhindi akalia kwamba amedhulumiwa, na mwaka ule ule alinunua kwa khiyari kutoka kwa jirani yake. Nimewahi kumwonyesha kijana mmoja karatasi mbili za namna hiyo za nyumba yake mwenyewe. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi babu yangu alikuwa pande zote mbili." Nikamwambia: wengi walikuwa hivyo, na hiyo ndiyo sababu ya kusoma kabla ya kununiana.

Kwa upande wa sheria ya nchi, karatasi hizi hazina nguvu tena. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Unguja na Pemba ikawa mali ya Serikali, na anayezitunza akidhani zitamrejeshea shamba anajichosha. Lakini swali lililomo ndani yake halijafa. Mwaka 1992 Majmaa ya Fiq'hi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah, iliamua kwamba bayʿ al-wafaʾ kwa hakika yake ni mkopo uliovuta manufaa, na haufai. Mwaka 2011 Oman iliruhusu benki za Kiislamu, na ya kwanza ikafungua milango 2013. Vijana wetu leo wanatiwa saini mikataba ya nyumba ambamo benki inanunua, inakodisha, kisha inauza kwa aliyekodi. Muundo huo babu zao wangeutambua.

Sisemi kwamba mikataba hiyo ni haramu. Wapo wanaopewa kazi ya kuitazama. Nasema mtu asome kabla ya kutia saini, na asitosheke na jina la Kiarabu lililoandikwa juu ya karatasi. Atafute kifungu kinachosema nyumba ikiungua hasara ni ya nani. Akikiona, atakuwa amekwishajua yeye ni mnunuzi, mpangaji au mdaiwa.

Wallahu aʿlam.